Majivu ya Mama Minza

Ngusa aliniletea gari jeusi lililojaa mikwaruzo, nikamuuliza kwa hasira nani kalifanyia vile. Akasema ni mama yake, Mama Minza. Gari hilo ndilo lililomrudisha mwanawe nyumbani Magamba baada ya miaka mingi, naye kwa kulishukuru akalisugua kwa majivu na mchanga, kama sufuria.

"Hukumkataza?"

"Dada Prisila, alikuwa anaimba."

Nikawasha mashine yangu ya kung'arishia magari. Sponji ngumu sikuigusa kwanza, maana rangi ikishaliwa hairudi. Nilijaribia kwenye kona ya boneti kwa sponji laini na polishi nyepesi, mikwaruzo ikabaki. Nikabadili polishi tu, nikaweka ya kukata, yenye chembe za kukwangua, mikwaruzo ikapungua kidogo. Ndipo nikafunga sponji ngumu na polishi ile ile, na mikwaruzo ikaisha ila ukungu ukabaki. Nikarudia ile laini na polishi nyepesi, boneti ikang'aa hadi ikaakisi mawingu ya angani. Nikazunguka gari zima kwa mpangilio huo hadi mabega yakaniuma.

Jioni Ngusa alikuja na mama yake. Mama Minza akainama, akaona uso wake kwenye mlango wa gari, akacheka.

"Niliwaambia majivu hayashindwi," alisema.

Ngusa akanitazama kwa macho ya kuomba. Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini mama alikuwa ameshanishika mkono, ananikabidhi jogoo.

"Huyu ni wako, mwanangu. Asante kwa kunimalizia."

Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Asante, mama. Palikuwa pamebaki padogo tu."