Kamyo ya Mchele Haikatai Bure

Kamyo ilizimika tena, safari hii kwenye mteremko wa kijito, kilometa kumi na nane kabla ya kuingia Kindu. Bulaimu akaupiga usukani kofi. "We kizee, umeniamulia!"

Nyuma kulikuwa na magunia ishirini ya mchele, na gari la moshi lingeondoka stesheni saa tisa. Patro, yule muzungu mwenye kamyo, alikuwa amesema asubuhi mbele ya wapakizi wote: "Ukichelewa leo, Bulaimu, naandika ndani ya kitabu yako ya kazi: mwizi wa esansi." Na kitabu cha kazi kikishachafuliwa namna hiyo, hakuna atakayekupa usukani, kuanzia Kindu hadi Punia. Miaka kumi na tisa ya ushofere, kwisha! Kwa patro mambo yalikuwa wazi: kamyo hii ya kabla ya vita haizimiki, shofere ndiye anayeisimamisha njiani auze esansi, yaani petroli ya tangini. Ndiyo maana alimtuma Zéphirin, karani wa ghala, akae kando yake amchunge.

"Mukubwa, tungojee tu," alisema Zéphirin. "Ikipumzika robo saa itawaka."

"Itawaka, na kabla ya kilometa kumi itazimika. Nimechoka kuibembeleza. Leo itanieleza."

Mwezi mzima alikuwa akibahatisha, na hilo ndilo lililomuuma. Buji, zile plagi za kuwashia injini, alizitoa akazisugua mpaka zikang'aa. Waya alizikaza. Aliambiwa ni joto, akaifunga mipira na mabomba kwa majani ya migomba, watu wakacheka kwamba kamyo imevaa nguo. Wapi! Kubahatisha ni kazi ya wapiga ramli, naye ni fundi. Leo angeifuata esansi yenyewe, hatua kwa hatua, hata kama ni kwa magoti.

Akapiga magoti kweli. Alifungua bomba pale linapoingia kwenye injini. Yakatoka matone mawili, la tatu likaning'inia, basi. Tangi la kamyo hiyo lilikuwa mbele ya kioo, juu ya injini. Esansi ilipaswa kuteremka yenyewe.

"Karani, iko esansi?"

"Asubuhi tulijaza pamoja. Niliona kwa macho yangu."

Basi bomba limeziba. Bulaimu akalitia mdomoni, akapuliza kwa nguvu zote. Tangi likatokota ndani, kisha esansi ikamrudia kwa kasi, ikamjaa kinywa na pua. Alitema, akakohoa, machozi yakamtoka. Esansi ikamiminika vizuri kabisa, ikapungua, ikawa matone, ikakata.

Akakodoa macho. Bomba lililozibuka limezibuka. Lingezibaje tena papo hapo?

"Karani, mke wangu Aziza akiuza mawese, kopo analitoboa matundu mangapi?"

"Mawili. Kwa tundu moja mafuta hayatoki, yanataka upepo wa..." Wote wawili wakakitazama kifuniko cha tangi.

Kifuniko kilikuwa kimezungushiwa nta ya nyuki, nene, yenye alama ya dole gumba la Bulaimu. Mwezi uliopita patro alimsimamisha uani, akamshika taya mbele ya watu, akamnusa mdomo kutafuta harufu ya esansi iliyonyonywa kwa mpira. Hakunusa kitu, wala hakuomba radhi. Tangu hapo, kila asubuhi Bulaimu alikipaka nta kifuniko chote kama muhuri, pamoja na kitundu cha katikati cha kuingizia upepo, asiwepo wa kumsingizia tena.

"Lahaula! Njo mimi," alisema. "Ni mimi mwenyewe niliyeinyonga." Aibu ilimchoma kuliko esansi kooni.

Akatoa kisu. Zéphirin akamshika mkono. "Ukibandua nta, na mdomo unavyonuka hivyo, patro atasema nini?"

"Atasema atakalo. Mchele utafika."

Akaibandua. Tangi likavuta upepo, fyuuu! Kamyo ikawaka kwa mzungusho wa pili, na haikuzimika tena, si kilimani, si tambarare. Bulaimu akaushika usukani kwa mikono miwili. Aliendesha.

Saa nane na nusu walikuwa stesheni. Patro, aliyekuwa ametangulia, hakutazama mchele. Alitazama tangi lisilo na nta. Akasogea, pua yake ikapata harufu. Akatoa mfukoni kitabu cha kazi cha Bulaimu, akakifungua juu ya gunia, akatoa kalamu.

Bulaimu akamwendea mwenyewe, akapanua kinywa. "Nusa, patro. Leo inanuka kweli, maana nimepuliza bomba. Kamyo ilikuwa inakufa kwa nta. Nta niliweka mimi, kosa langu, liandike. Lakini andika pia nani alinifanya niiweke."

Wapakizi wakasimama na magunia mabegani. Patro akamgeukia Zéphirin, ambaye hajawahi kumbishia hata siku moja.

"Njo vile, patro," karani alisema. "Nilikuwapo leo. Hata siku ile uani nilikuwapo."

Patro akafunga kitabu bila kuandika neno, akakitia kwapani, akaanza kuondoka.

"Kitabu yangu, patro," Bulaimu alisema.

Muzungu akasimama. Kisha akarudi, hatua saba, mbele ya watu wote, akamkabidhi mkononi.