Ua Jeupe la Josiane

Josiane wa Itebero alikata chupa za plastiki zilizotupwa, akatengeneza maua, akayatia taa ndogo za sola na kuyapanga mbele ya kanisa. Jioni, mwindaji mzee, Papa Benoît, alisimama mbele ya ua moja jeupe.

"Hii maua uliionea wapi?"

"Sikuiona fasi yoyote, Papa. Mikono njo ilikata yenyewe."

"Inameaka tu kwenye tulizika dada yangu, mu pori. Hakuna muntu anafikaka kule."

Kwa hofu, Josiane alichomoa waya wa taa yake. Ua halikuzimika. Alipoligusa, lilikuwa laini, limelowa umande.

Walilipeleka kaburini, wakaliacha likiwaka. Tangu siku hiyo Josiane hukata majani ya plastiki tu, hakati maua tena.