Mizani Bila Mkono

Jiwe la mizani lilimpata mume wangu kwenye taya, nikasikia mfupa ukivunjika. Alianguka juu ya gogo la kukatia nyama, damu yake ikachanganyika na ya ng'ombe. Aliyempiga ni Edmund, mpasua mbao wa Igowole, mteja wetu wa siku nyingi. Watu waliopanga mstari hawakumshika. Wengine walishangilia, na mmoja alipenyeza mkono akaiba figo.

Ugomvi ulikuwa wa nyongeza. Bucha letu lilikuwa Nyololo, kando ya barabara ya Mbeya, na tangu tufungue tuliuza nyama kwa mafungu. Mkishapatana bei, muuzaji hukata kipande akatupia juu ya fungu lako. Ni kitu kidogo, pengine mafuta au bandama, lakini hapo ndipo mteja anapojua kwamba ameonekana ni mtu. Mwaka ule wa 1956 mume wangu, Matano, alikwenda Iringa, akamkuta Dawood, mfanyabiashara wa huko, dukani kwake akipima sukari, akarudi na mizani na kichwa kilichovimba. Mafungu ni ushamba, akasema. Nikamwambia mizani ni kitu chema, ila asiache kuongeza. Akanijibu kwamba mizani haina shemeji. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi ya mume wangu ilikuwa Jumamosi ile.

"Bwana Matano, tia nyongeza," Edmund alimwambia.

"Mizani imeshasema."

"Mizani imesema, sawa. Na mkono wako je? Nimefiwa, nyumba imejaa watu."

"Kafieni mbele huko!" Matano akamchapa usoni kwa ubapa wa kisu. Ndipo Edmund akanyakua jiwe.

Tulimpakia Matano kwenye lori la Iringa aende hospitali, taya limefungwa kwa kanga yangu, bucha likabaki mikononi mwangu na mwa Yunusu, mchinjaji wetu. Yunusu akachinja, nyama ikaning'inia, hakuja mtu. Tuliwatupia mbwa nyama iliyooza, na mimi nikalia kwa hasira.

Kwa kuwa hasira hailipi kodi, nikaenda kuchungulia bucha la Joachim, aliyekuwa bado anauza mafungu. Wanaume wenye misuli walijichagulia yaliyonona. Severina, mjane jirani yangu, alipoweka mkono juu ya fungu lenye ini, jamaa mmoja alimpiga teke la tumbo akalichukua. Joachim akaendelea kunoa kisu. Nilimchukia mtu yule, lakini kwake ndiko nilikofunguka macho. Fungu ni la mwenye nguvu. Mizani humpa kila mtu haki yake, ila haina mkono.

Tulipochinja tena niliitoa mizani nje, nikaining'iniza mlangoni kila jicho liione. Nikampimia kila mtu kwa zamu yake, nyama na mfupa, na kabla ya kufunga jani la mgomba nikatia mkono kwenye beseni la vipande na kumwongezea. Nilianza na Severina. Haikuchukua muda mstari ukafika barabarani, hata madereva wa malori ya Mbeya wakawa wanasimama.

Matano alirudi taya limekwenda upande, chakula chake uji. Alikaa nyuma ya bucha akinitazama.

"Unagawa mali yangu," alinong'ona, akanirushia kikombe kikanipasua paji la uso. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kupima.

Siku ya gulio Edmund alikuja. Alipanga mstari ameinamisha kichwa. Moyo wangu ulitaka nimtie kisu. Lakini biashara haigombi. Nikampimia, nikamkatia kipande cha ini juu yake.

"Asante, mama," akasema. "Mwambie bwana kwamba mimi..."

Hakumaliza. Matano alitoka nyuma na shoka, akampasua bega. Edmund akaanguka kifudifudi, na shoka likapanda tena, safari hii likilenga kichwa. Niliona yote mara moja: maiti mlangoni kwangu, polisi, mume wangu kwenye kamba ya kunyongea, bucha limepigwa kufuli. Kwenye jiko kando yangu kulikuwa na karai la maji yanayochemka, ya kukwangulia kwato. Nililibeba kwa mikono mitupu nikammwagia Matano mikononi.

Shoka lilidondoka. Mlio alioutoa sijausikia kwa mnyama yeyote.

Yunusu alimburuta ndani. Wapasua mbao wenzake walimbeba Edmund, damu inatiririka, lakini alikuwa anatukana, nikajua ataishi. Viganja vyangu vilikuwa vimebabuka. Nilingoja watu waondoke. Hawakuondoka.

Severina akasogeza kapu lake. "Nipimie, dada," akasema taratibu.

Nikampimia. Ndani mume wangu alikuwa analia akiniita, Mwanakhamisi, Mwanakhamisi, na mimi nampenda, wallahi nampenda. Sikugeuka mpaka nyama ikaisha.