Makala Iliyonukuliwa Mara Moja

Mhadhiri wa elimu ya udongo aliitwa na mkuu wa idara kuhusu kupandishwa cheo. Mkuu alitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

“Ndugu yangu, makala zako hazinukuliwi. Ni moja tu iliyonukuliwa, tena na mtu anayekupinga.”

Cheo akakikosa. Nyumbani, ambako tangu mkewe afariki hakuna wa kumuuliza habari za kazini, aliitafuta makala ya huyo mpinzani. Ilimchambua kama karanga. Akajikuta anatabasamu: kumbe kuna mtu alimsoma mpaka mwisho! Akamwandikia kumshukuru.

Mpinzani huyo, mwanamke wa umri mdogo kwake, akamjibu: “Shikamoo mzee. Samahani, nilidhani ulishafariki.”

“Marahaba, bado nipo,” akaandika. “Hebu nieleze vizuri nilipokosea.”

Akaketi na simu mkononi, akisubiri.