Tiki Saba

...na saba si nyingi, Noelia alijiambia, kuna watu waliwahi kuchukua nane na bado wanapumua, tiki zenyewe, moja kwa kila somo, zilishakaa kwenye skrini ya kompyuta, kuanzia mitambo ya maji hadi saruji, na pembeni dakika zilikuwa zinahesabiwa kurudi nyuma, kumi na moja, zikiisha dirisha la kujiandikisha linafungwa na mwaka wake wa nne wa uhandisi utakuwa vile alivyouandika, basi, hakuna wa kumbembeleza, "Wewe ingia yote," baba yake, mzee Tissera, alisema akiwa kwenye jiko na birika lake, "mitihani utafanya baadaye," akamimina maji ya moto kwenye kibuyu chenye majani ya yerba, chai yao ya kila siku, akampa, Noelia akavuta kwa mrija, chungu, sawasawa, akarudisha... baadaye, neno hilo ndilo lililomlea, maana hapa Córdoba chuo kinakuruhusu, ukishamaliza kazi za darasani unapanda somo la juu yake, mtihani wa mwisho unauacha kiporo, na kiporo kikikaa sana kinatupwa, somo unalianza upya kama mgeni, yeye anavyo viporo sita, "Mshika mbili moja humponyoka," Celeste alimwambia jana kwenye ngazi za chuo, "sasa wewe unashika saba, shoga yangu, una mikono mingapi?" wakacheka, Celeste anachukua matatu na analala usingizi wake, anaudhi... "Mimi ilibaki mitihani minne tu," baba alikuwa anaendelea, "minne! Ningekuwa na masomo mengi ya kunisukuma nisingelegea," na hiyo minne ina miaka thelathini sasa, haikupungua wala haikuongezeka, baba anatengeneza lifti za watu na muuza nyama wa kona bado anamwita mhandisi, "Vipi, mhandisi, mbavu leo?" na baba huitikia bila kutabasamu, kidogo anajinyoosha... dakika tisa. Februari Noelia alipiga pasi blauzi ya kwendea mtihani, baba akambusu kwenye paji, "Kawaoneshe, mama," akaenda, akafika hadi mlangoni, ndani walimu watatu wamekaa na vile vipira vya namba vinazungushwa kwenye kikapu cha waya, namba utakayotoa ndiyo mada utakayoieleza kwa mdomo, akavisikia vinagongana, akageuka. Alikaa bustanini hadi saa saba mchana akimtazama mtu anamfundisha mbwa kukaa, mbwa hakukaa, akarudi nyumbani akasema mwalimu anaumwa, wameahirisha, na baba akasema "Haya, hutokea," haraka mno, hata hakuuliza mwalimu anaumwa nini, wala tarehe mpya ni lini, mtu ambaye huuliza hata mkate umenunua duka gani... na tangu siku ile hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mwenye masomo mengi haulizwi mitihani, anaonewa huruma, anawekewa sahani ya chakula na kufunikiwa, masomo saba ni blanketi zuri sana, hilo lilimjia kwa utulivu, bila uchungu, na nyuma yake likaja lingine: Celeste alianguka mtihani mara mbili na hadi leo akiwa anaosha vyombo hulikariri swali lililomwangusha, kila aliyeanguka ana swali lake na atazikwa nalo, lakini baba, baba anakumbuka tai aliyovaa, anakumbuka mvua ya siku ile, anakumbuka basi lilivyochelewa, na swali...

"Baba, walikuuliza swali gani?"

"Wapi?"

"Kwenye mtihani. Wowote katika ile minne."

Birika lilikuwa mkononi mwake na hakumimina. "Aa, mama, miaka yote hiyo, nani anakumbuka?" na Noelia akaogopa, si kwa ajili yake yeye kwanza, kwa ajili ya baba, kisha kwa ajili yake yeye pia, kwa sababu naye akiulizwa baada ya miaka thelathini atasimulia mbwa, akatoa tiki moja, mitambo ya maji, akatoa ya pili, ya tatu, ya nne, yakabaki matatu na nafasi ya viporo viwili vya mwezi wa tano, "Februari sikuingia, baba," alisema akiitazama skrini, "nilikaa bustanini," na baba akamimina polepole, zamu ya kunywa ilikuwa yake mwenyewe lakini kibuyu alimsogezea yeye, akavuta kiti akaketi, bado dakika sita.

"Mimi nilikuwa nakaa stendi ya basi," alisema.