Kiti cha Msomaji

Katika karakana ile ya kushona sare, mmoja husoma riwaya kwa sauti huku wenzake wakishona, na sheria ni moja tu: yeyote akibashiri kitakachofuata na ikawa kweli, msomaji anashuka kitini na kurudi kwenye matundu ya vifungo. Mpwa wa mwenye karakana aliyachukia matundu yale kuliko jino bovu. Tatizo lilikuwa huyo mwenye karakana, shangazi yake. Loo, mama huyo! Ukisoma tu "daktari aliingia," yeye anakata uzi kwa meno na kusema, "Huyo ndiye baba wa mtoto." Na kweli ndiye.

Basi siku moja mpwa akaja na riwaya ya mtindo mpya, zile ambamo mtu anachemsha maji ya chai kurasa na kurasa huku akimuwaza mkewe.

"Mke katoroka," shangazi akasema.

Ukurasa ukafunuliwa. Mwanamume akatazama sufuria.

"Basi kafa."

Akatazama mvuke.

"Maji yatamuunguza!"

Wapi! Akakumbuka viatu vyake vya utotoni. Washonaji wakaangua kicheko, na mpwa akajinyoosha kitini kama bibi harusi. Raha iliyoje!

Kisha shangazi akatabasamu, na mpwa akaingiwa na baridi.

"Nimeshamjua huyu mwandishi wako. Bahili! Nikitaka kitu, hanipi. Haya, nasema ukurasa ujao hakuna litakalotokea."

Mpwa akafunua. Kweli, hakuna. Mtu yule bado alikuwa akitazama sufuria, tena kwa aya ndefu. Kwenye meza, mashati yalikuwa yakimngoja. Akakohoa, akasoma: "Ghafla dada yake akaingia na sanduku, nguo zimelowa damu."

Cherehani zote zikanyamaza.

"Mwongo mkubwa wee!" shangazi akafoka. "Tangu lini bahili akawa mkarimu kwa ukurasa mmoja? Shuka hapo!"

Mpwa akashuka. Akavuta shati la kwanza, akatunga uzi. Mshonaji mwingine akashika kitabu, akaendelea na sufuria. Shangazi akasikiliza, lakini hatulii. Mara ageuke huku, mara ajichome sindano. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Hebu kifunge hicho," akamwambia msomaji mpya, kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe, ile damu ilikuwa ya nani?"