Maandishi Yatazame Juu

Jina la Fundi Ngoja lilitoka kwa wateja. Kila aliyeingia kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta aliambiwa "ngoja kidogo", na hicho kidogo chenyewe hakikuwa na mwisho. Lakini asubuhi hiyo hakuthubutu kumngojesha mtu.

Mbele yake walikaa wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja. Mdogo ndiye aliyekuwa msemaji. Mkubwa alifundisha ushonaji miaka thelathini, kisha mwaka uliopita akapata kiharusi, na tangu hapo mkono wa kulia na ulimi vikamgomea. Mtaalamu wa hospitali alishauri asikilize sauti yake mwenyewe ya zamani, ajaribu kuifuatisha. Sauti hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye diski ya kompyuta iliyokufa, alikorekodi masomo ya kuwapa wanafunzi wakasikilize nyumbani.

"Tunakutegemea, fundi," mdogo mtu alisema. "Hatuna pengine pa kwenda."

Fundi akainamia kompyuta nyingine waliyokuja nayo ili aipachike diski hiyo, ya mtumba, ndogo, imebana kwelikweli. Nafasi ya diski ilikuwa moja, chini kabisa, na nyuma yake ukuta wa bati. Waya wa data wenye kichwa kilichonyooka uligonga ukuta kabla haujaingia. Wenye kichwa kilichopinda nao ulipinda kuelekea chini, kwenye sakafu ya bati, na kuugeuza haiwezekani, maana mdomo wake huingia upande mmoja tu. Waya wa umeme ulikuwa na ukaidi uleule, tena mfupi. Usingeifikia diski nje ya boksi.

Akasukuma kidogo. Plastiki ikalia. Akaacha palepale, jasho likimtoka. Mwezi uliopita alilazimisha hivyohivyo, kiulimi cha diski cha kuchomekea waya kikakatika, na mteja akaondoka bila picha za harusi yake. Aibu ile haikuwa imemtoka bado.

"Vipi?" mdogo mtu akauliza.

"Ngoja kidogo," fundi akasema, na mwenyewe akajisikia vibaya.

Dada mkubwa akagonga meza kwa mkono wa kushoto. Akanyoosha kiganja, kisha akakigeuza.

"Anataka maji?" fundi aliuliza.

"Sijui. Dada, umechoka? Twende zetu?"

Mwalimu akakunja uso. Akavuta kitambaa cha kufutia vumbi, akakitandaza mezani, akakipindua, kisha akamkodolea fundi macho.

Mdogo wake akaangua kicheko. "Anakwambia geuza! Darasani ndivyo alivyokuwa. Mtu akihangaika na pindo, yeye ni hilo tu: usigombane na cherehani, geuza nguo."

"Diski haigeuzwi, mama," fundi alimwambia mwalimu kwa upole. "Maandishi ya lebo yake lazima yatazame juu. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Walikwambia kwa nini?" mdogo mtu akadakia.

Fundi akaiangalia diski. Miaka kumi na minne alikuwa akizilaza diski chali kama watoto wachanga, na hata siku moja hakuwahi kuuliza kwa nini. Tusimcheke sana, kila mmoja wetu ana diski yake anayoilaza hivyo.

Akaichomoa, akailaza kifudifudi. Vichwa vya waya vikatazama juu, penye nafasi tele. Wa kwanza ukaingia, tik. Wa umeme ukaufuata. Skrubu mbili kati ya nne zikapata matundu yake, zikatosha. Alipowasha, diski ikaanza kuvuma. Masomo yalikuwemo, yote. Akafungua la kwanza.

"Haya wanangu," ikasema sauti ya mwanamke, kali kidogo, yenye kicheko ndani yake. "Upande wa kwanza tumemaliza. Sasa tunafanya nini?"

Kikafuata kimya. Mwalimu alikuwa na mtindo huo, kumwachia mwanafunzi nafasi ya kujibu. Mdogo mtu alikuwa tayari analia, wala hakujificha.

Midomo ya mwalimu ikatetemeka.

"Ge..." akasema. Akameza mate, akakaza shingo. "Geu... za."

"Vizuri sana," ikajibu sauti yake kutoka kwenye kompyuta. "Tuendelee."